Programu-jalizi ya Markdown: Namna ya kulinda umbo la shairi katika tovuti tuli

MARKDOWN ni mfumo wa alama nyepesi unaomwezesha mtu kuandaa matini ya tovuti bila kuandika lebo za HTML. Ulibuniwa na John Gruber mwaka 2004, kwa mchango wa Aaron Swartz. Neno likitiwa kinyota kila upande huchapishwa kwa italiki, mstari unaotanguliwa na alama ya reli huwa kichwa, na mstari mtupu hutenganisha aya na aya. Fadhila kuu ya mfumo huu ni kwamba matini husomeka vyema hata kabla ya kugeuzwa kuwa ukurasa.

Hata hivyo, alama hizo ni chache na zilikusudiwa hasa maandishi ya nathari. Anayechapisha mashairi ya Kiswahili hukumbana na upungufu huo mapema. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na kwa kawaida kila mshororo una mizani kumi na sita zilizogawika katika ukwapi na utao. Markdown haiutambui mpangilio huo. Mistari inayofuatana bila nafasi tupu huchukuliwa kuwa aya moja, na kivinjari huiunganisha. Vina vya mwisho huishia katikati ya sentensi, na shairi likasomeka kama taarifa.

Dawa iliyozoeleka ni kuacha nafasi mbili mwishoni mwa kila mstari ili ukatike hapo. Nafasi hizo hazionekani kwa macho, na programu nyingi za kuandikia huzifuta faili inapohifadhiwa. Maktaba ya Python-Markdown ina kiendelezi kiitwacho nl2br ambacho hukata kila mstari, lakini hukifanya kitendo hicho kwa tovuti nzima, zikiwemo makala za nathari. Suluhisho la kudumu ni kuandika programu-jalizi inayoshughulikia shairi peke yake.

Mahali pa kuipachika

Tovuti tuli ni ile ambayo kurasa zake hutengenezwa zote kabla ya msomaji kuzifungua. Haihitaji hifadhidata, na seva hukabidhi tu faili zilizokwisha kuandaliwa. Miongoni mwa programu zinazozalisha tovuti za aina hii ni Jekyll, iliyoanzishwa na Tom Preston-Werner mwaka 2008, Hugo, iliyoanzishwa na Steve Francia mwaka 2013, na Pelican, iliyoanzishwa na Alexis Métaireau mwaka 2010. Kila moja ina njia yake ya kupokea nyongeza. Makala haya yanatumia mfano wa Pelican, inayotegemea Python-Markdown kugeuza matini.

Python-Markdown hufanya kazi kwa hatua. Kwanza huipitia matini mstari kwa mstari. Pili huigawa katika mafungu yaliyotenganishwa na mistari mitupu, na kulijenga kila fungu kuwa sehemu ya mti wa ukurasa. Tatu huushughulikia mti huo, ikiwa ni pamoja na kutafsiri vinyota na viungo vilivyomo ndani ya maneno. Mwisho hutoa HTML na kuirekebisha. Programu-jalizi inaweza kuingilia hatua yoyote kati ya hizi.

Wanaoanza huvutiwa na hatua ya kwanza kwa sababu ni rahisi: hupewa orodha ya mistari, nao wakarudisha orodha nyingine. Hatari yake ni kwamba katika hatua hiyo bado haijabainika mstari upi ni wa shairi, upi ni wa orodha na upi ni mfano wa msimbo. Kwa shairi, hatua ya pili ndiyo inayofaa.

Muundo wa kazi

Tuseme alama iliyochaguliwa ni nukta pacha tatu zikifuatwa na neno shairi, na mwisho wa shairi ni nukta pacha tatu peke yake. Mkwaju ndani ya mshororo utatenganisha ukwapi na utao. Mkato haufai kwa kazi hiyo kwa kuwa unaweza kutokea ndani ya kipande kama kiakifishi cha kawaida.

Kichakataji cha mafungu huwa na mbinu mbili. Ya kwanza, test, huulizwa kama fungu lililopo linaihusu, nayo hujibu ndiyo ikiwa fungu linaanza kwa alama ya shairi. Ya pili, run, hufanya kazi yenyewe. Kwa vile kila ubeti ni fungu kivyake, run hulazimika kuyakusanya mafungu yote hadi kwenye alama ya kufunga. Kisha huunda sehemu moja kwa kila ubeti, mstari kwa kila mshororo, na vipande viwili ndani ya mstari.

Iwapo alama ya kufunga imesahauliwa, run irudishe mafungu kama ilivyoyakuta, kisha ijibu False ili vichakataji vingine viendelee. Bila tahadhari hiyo, kosa dogo la mwandishi linaweza kuimeza makala nzima iliyobaki.

Kichakataji husajiliwa kwa jina na namba ya kipaumbele. Mwenye namba kubwa hutangulia. Kichakataji cha aya za kawaida kina namba 10, kwa hiyo cha shairi sharti kiwe juu zaidi, mathalan 175, la sivyo beti zitakuwa zimekwisha kugeuzwa aya. Hatimaye kiendelezi hutajwa kwenye mpangilio wa MARKDOWN katika faili ya pelicanconf.py.

Faida huonekana kwenye simu. Skrini ikiwa nyembamba, mtindo wa CSS unaweza kuushusha utao chini ya ukwapi, badala ya mshororo kukatika popote.

Tahadhari

Maneno ya shairi yawekwe kwenye mti kama maandishi, yasiunganishwe kwa mkono na lebo za HTML. Yakiwekwa hivyo, vinyota vilivyomo vitatafsiriwa baadaye. Ijulikane pia kwamba Python-Markdown huruhusu HTML iliyoandikwa ndani ya matini kupita ilivyo. Tovuti inayopokea mashairi kutoka kwa wasomaji haina budi kuyasafisha, kwani msimbo hatari unaweza kujificha humo.

Jambo la mwisho ni uhai wa matini. Mwaka 2014 John MacFarlane, Jeff Atwood na wenzao walitangaza CommonMark ili kusawazisha kanuni za Markdown zilizokuwa zikitofautiana, lakini alama ya shairi haimo katika kanuni hizo. Faili zikihamishiwa programu nyingine, alama hiyo itachapishwa kama ilivyo na mishororo itaungana tena. Kwa sababu hiyo alama ziwe chache, zitumie neno linaloeleweka, na maelezo yake yahifadhiwe katika folda moja na mashairi. Atakayeyarithi faili hizo atajua ubeti ulianzia wapi, hata kama programu-jalizi haifanyi kazi tena.