Nairobi X: Uvamizi wa kubuni na nchi ya majanichai

KATIKA mchezo wa tarakilishi uitwao Nairobi X, jiji kuu la Kenya limevamiwa na viumbe kutoka anga za mbali. Askari wa kikosi maalumu aitwaye Otero anashika bunduki na kuingia mitaani kupambana nao, naye mchezaji huona kila kitu kupitia macho yake. Mchezo huo ulitolewa mwaka wa 2015 na Black Division Games, kampuni ndogo ya Nairobi iliyoanzishwa na Andrew Kaggia, na huhesabiwa miongoni mwa michezo ya kwanza ya aina hiyo kubuniwa na Wakenya.

Kisa chenyewe kimewekwa jijini. Hata hivyo, asili ya hadithi za namna hii, za wageni wenye silaha zisizojulikana wanaotua bila taarifa na kuifanya nchi ya watu kuwa mali yao, haiko mbali na vilima vya Kericho na Bomet. Uzi wake ukifuatwa nyuma kwa zaidi ya karne moja, unafika kwenye mambo yale yale yaliyowakuta Wakipsigis kabla nchi yao haijafunikwa na majanichai.

Kaggia alikuwa amekwisha kujulikana kabla ya Nairobi X. Mwaka wa 2011 alitengeneza filamu fupi ya uhuishaji, Wageuzi: Battle 2012, ambamo wanasiasa wa Kenya wanageuka magari na roboti na kukimbizana kuelekea Ikulu. Kugeuka kwa wanasiasa hakukuwa habari ngeni kwa Wakenya; filamu iliwaongezea magurudumu tu. Uchaguzi uliotajwa katika jina lake, kama inavyokumbukwa, haukufanyika 2012 bali tarehe 4 Machi 2013.

Wala Kaggia hakuwa wa kwanza kuingia katika fani hii. Mwaka wa 2007 Wesley Kirinya alikuwa amebuni The Adventures of Nyangi, mchezo ambao shujaa wake ni msichana anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Mwaka wa 2009 Kirinya aliungana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts, kampuni yenye makao Accra na Nairobi, iliyojulikana kwa kuwatoa mashujaa wa ngano na historia za Afrika katika masimulizi ya mdomo na kuwaingiza katika vitabu vya katuni na michezo ya rununu. Mwaka huo huo wa 2009, Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu fupi ya bunilizi za kisayansi kuhusu Afrika Mashariki ya baadaye, ambamo watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa baada ya vita vya kugombea maji, na kila tone, hata la jasho, linahifadhiwa. Filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani, mwaka wa 2010.

Kutengeneza mchezo wa pande tatu si kazi ya mchana mmoja. Filamu humwonyesha mtazamaji upande ambao mwelekezi amependa. Mchezo humpa mchezaji uhuru wa kugeuza shingo apendavyo. Kwa hivyo kila ukuta sharti uwe na mgongo wake, kila mlango uwe na sauti yake, na kila kiumbe kijue la kufanya iwapo mchezaji atakataa kufuata njia aliyopangiwa. Katika mataifa yaliyotangulia, kazi hiyo hugawanywa kwa mamia ya watu. Kampuni za Nairobi ziliifanya kwa watu wa kuhesabika kwa vidole, katika nchi ambayo wateja wengi wana rununu na si tarakilishi zenye nguvu, na ambamo mazoea ya kulipia programu yalikuwa haba. M-Pesa ilikuwapo tangu 2007, lakini maduka makubwa ya mtandaoni ya ng'ambo yalijengwa kwa kuwazia wanunuzi wenye kadi za benki.

Mizizi ya uvamizi

Hadithi ya viumbe wa anga wanaovamia dunia ilipata umbo lake mashuhuri kwa mwandishi Mwingereza H.G. Wells. Riwaya yake, The War of the Worlds, ilichapishwa katika jarida mwaka wa 1897 na kutoka kama kitabu mwaka wa 1898. Ndani yake, wakazi wa sayari ya Mirihi wanatua Uingereza wakiwa na mashine za miguu mitatu, miali ya kuunguza na moshi mweusi wa sumu. Jeshi la Uingereza linasambaratika kwa siku chache.

Wells hakuficha alikoyatoa mawazo hayo. Katika sura ya kwanza kabisa anawakumbusha wasomaji wake kwamba, kabla hawajawalaumu watu wa Mirihi, wakumbuke walichofanyiwa wenyeji wa Tasmania na walowezi kutoka Ulaya. Kwa maneno mengine, kitabu kilikuwa kioo: Waingereza waliombwa wajaribu kuwaza jinsi inavyokuwa kuvamiwa na watu kama wao.

Kutoka kwenye kitabu hicho, njia ya kufika kwenye michezo ya tarakilishi ni fupi. Mwaka wa 1978, Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito nchini Japani alibuni Space Invaders, ambamo mchezaji huenda kushoto na kulia chini ya kioo akifyatulia risasi safu za viumbe wanaoteremka. Maumbo ya baadhi ya viumbe hao, yenye mikono mingi kama pweza, yalitokana na wale wa Wells. Michezo isiyohesabika imefuata, Nairobi X ikiwamo.

Jambo ambalo halisemwi mara kwa mara ni kwamba miaka saba tu baada ya kitabu cha Wells, kioo kile kilipata sura halisi katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Bomet. Mwaka wa 1905 serikali ya ukoloni ilituma kikosi huko Sotik kuwaadhibu Wakipsigis, kwa madai kwamba walikuwa wamewapora Wamaasai ng'ombe na kukataa kuwarudisha. Kikosi hicho kiliongozwa na Meja Richard Pope-Hennessy. Watu wengi waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto, na mifugo ikatwaliwa. Mikuki na ngao zilikabiliana na bunduki za kisasa, na tofauti ya silaha ilikuwa kubwa kama ile Wells aliyoibuni baina ya mizinga ya Waingereza na miali ya Mirihi.

Upande wa jirani, Wanandi, ambao ni ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na mila, walikuwa na simulizi lao la mambo yajayo. Inasimuliwa kwamba orkoiyot wao, Kimnyole, alitabiri kuja kwa nyoka mkubwa atemaye moto na moshi, atakayevuka nchi kutoka ziwa moja hadi jingine. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Oktoba 1905, mwana wa Kimnyole, Koitalel arap Samoei, aliyeongoza upinzani dhidi ya reli hiyo, alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Mhakiki wa fasihi angeweza kuuliza kama utabiri wa mashine ambayo haijaonekana bado, uliosimuliwa na wazee kabla ya Wells kuishika kalamu yake, hauna haki ya kuitwa bunilizi ya kisayansi.

Katika riwaya, wavamizi wa Mirihi wanakufa wote kwa vijidudu ambavyo miili yao haikuvizoea. Kericho haikupata bahati hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, maelfu ya ekari yalitengewa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Mradi huo ulianguka haraka bei ya kitani ilipoporomoka. Hata hivyo, ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia, na majanichai yakaanza kupandwa kwa wingi.

Ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, ulionekana na watawala kuwa kiini cha ukaidi. Mwaka wa 1934 ilipitishwa Sheria ya Kuwaondoa Malaiboni, na watu wapatao 700 wa ukoo huo, wazee kwa watoto, wakahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Homa Bay. Huko kulikuwa na mbung'o na malaria, na wengi hawakurudi.

Madai ya jamii hizo bado ni hai. Mwaka wa 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliafiki malalamishi ya wakazi wa Kericho na Bomet kwamba walitendewa dhuluma ya kihistoria. Mwaka wa 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walionyesha wasiwasi kuhusu suala hilo, na mwaka wa 2022 wawakilishi wa Watalai na Wakipsigis waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023 alieleza huzuni na majuto juu ya matendo ya enzi za ukoloni, lakini hakuomba msamaha rasmi.

Roboti zisizo na sura

Katika bunilizi, mashine inayomnyang'anya mwanadamu nafasi yake huwa na macho mekundu na sauti ya chuma. Katika mashamba ya Kericho na Bomet haina lolote kati ya hayo. Aina iliyozoeleka ni chombo chenye injini ndogo, kisu kirefu na mfuko wa kupokea majani, ambacho hushikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari wa chai. Watu hao wawili hukamilisha kwa muda mfupi eneo ambalo kundi kubwa la wachumaji wenye vikapu mgongoni, wakikata majani mawili na chipukizi kwa vidole, lingelifanyia kazi siku nzima.

Kampuni zimekuwa zikitetea mashine kwa hoja ya gharama za uzalishaji. Wafanyakazi nao, kupitia chama chao, wamezipinga kwa miaka mingi, mahakamani na kwa migomo. Jopo lililoundwa na serikali ya Kaunti ya Kericho lilikadiria mwaka wa 2023 kwamba nafasi za kazi 30,000 zilikuwa zimepotea katika kaunti hiyo kwa muda wa miaka kumi. Mei mwaka huo waandamanaji waliteketeza mashine kadhaa, ghasia zikazuka kati yao na polisi, na maisha yakapotea.

Mchumaji anayefutwa hapotezi mshahara peke yake. Katika mashamba makubwa nyumba ni ya kampuni, zahanati ni ya kampuni na mara nyingi shule ya watoto pia, kiasi kwamba siku kazi inapokwisha familia hufunga virago. Na hata anayetaka kujua ni nani hasa wa kulalamikiwa hupata taabu. Mashamba yaliyokuwa ya Brooke Bond yaliingia mikononi mwa Unilever, kisha mwaka wa 2022 yakawa sehemu ya biashara iliyonunuliwa na CVC Capital Partners. Mwaka wa 2023 kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilikubaliana kununua mashamba ya Finlays, na mwaka uliofuata yale yaliyokuwa ya Unilever nayo yakauzwa kwa kampuni hiyo hiyo.

Hapa ndipo mbunifu wa michezo anapopambana na ugumu ambao Nairobi X haikukutana nao. Otero ana adui anayeonekana, na risasi ikimpata, adui huanguka. Mchezo ambao mandhari yake yangekuwa mistari ya chai ungehitaji kanuni nyingine kabisa, kwa sababu mwenye mashine yuko mbali, wanaoishika ni majirani wa waliofutwa, na hati ya mauzo haipigwi risasi. Kuna mifano ya michezo ya ng'ambo inayompa mchezaji maamuzi badala ya bunduki: amwachishe nani kazi, alipe deni gani kwanza, afiche nini.

Mazimwi nayo hayahitaji kuagizwa kutoka Mirihi. Wakalenjin wana Chemosit, ambaye A.C. Hollis aliandika habari zake mwaka wa 1909 katika kitabu chake kuhusu Wanandi: kiumbe nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja na makalio tisa, anayejisukuma kwa fimbo ifananayo na mkuki. Mdomo wake ni mwekundu na hung'aa usiku kama taa. Watoto walionywa kwamba huimba gizani, na anayedhani kwamba kuna ngoma akaenda kuitafuta, huliwa.