Choa cha Paka: Kidonge Hakikuishinda Salfa

Historia ya kutibu choa cha paka husimuliwa kana kwamba ilianza mwaka 1958, mtafiti Gentles alipoonyesha huko Glasgow kuwa griseofulvini, dawa iliyotolewa kwenye kuvu mwaka 1939, huponya choa cha simbilisi ikimezwa. Sifa hiyo imezidi kipimo. Kidonge hulinda unywele unaoota. Mbegu za kuvu zilizokwisha kung'ang'ania manyoya na mazulia hakizigusi, nazo huishi miezi mingi. Ndiyo maana maji ya salfa na chokaa, dawa kongwe inayonuka kama yai viza, bado huogeshewa paka. Griseofulvini yenyewe ilidhuru uboho wa baadhi yao na kulemaza vitoto tumboni, hata dawa nyingine, itrakonazoli, ikashika nafasi yake.

Watakaosema kwamba paka wengi hupona wenyewe wanasema kweli, ila wanawasahau wenye nyumba. Microsporum canis, kuvu ya choa hicho iliyoelezwa na mtafiti Bodin mwaka 1902, huwapa watoto mapunye hata kabla paka hajapona. Kumlisha paka vidonge bila kumwogesha wala kusafisha nyumba ni kutibu nusu.