Mkeka wa gari na maafa ya onyo lisilofika

MKEKA wa mpira unaotandikwa chini ya miguu ya dereva ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu zaidi katika gari. Hauna waya wala mtambo, na wanunuzi wengi huuliza bei na rangi yake tu. Hata hivyo, ni mkeka wa aina hii uliosababisha mamilioni ya magari kuitwa yarudishwe kwa marekebisho nchini Marekani kuanzia mwaka wa 2009, na kuchangia kumfikisha rais wa kampuni ya Toyota mbele ya kamati ya Bunge la nchi hiyo.

Kisa hicho kingali na funzo kwa kila mwenye gari, Kenya ikiwemo. Kinaonyesha kwamba kugundua kasoro ni jambo moja, na kuhakikisha habari zake zimemfikia anayeshika usukani ni jambo lingine kabisa.

Ajali ya Santee

Jioni ya Agosti 28, 2009, afisa wa polisi wa barabara kuu katika jimbo la California, ambaye hakuwa kazini siku hiyo, alikuwa akiendesha gari aina ya Lexus ES 350 karibu na jiji la San Diego. Halikuwa gari lake. Alikuwa ameazimwa na duka la magari huku lake likifanyiwa huduma.

Ghafla gari hilo liliongeza kasi na kukataa kupunguza mwendo. Shemejiye, aliyekuwa abiria, alipiga simu ya dharura akaeleza kwamba kikanyagio cha mafuta kilikuwa kimekwama na breki hazikuwa zikifanya kazi. Muda mfupi baadaye waligonga gari jingine katika eneo la Santee, wakatoka barabarani na gari likashika moto. Afisa huyo, mkewe, binti yao na shemejiye walifariki.

Wachunguzi wa kaunti ya San Diego walibaini kwamba mkeka uliokuwa ndani ulitengenezewa aina nyingine ya gari la Lexus. Haukulingana na sakafu ya gari hilo, wala haukuwa umefungwa kwa vishikizo vyake.

Jambo lililohuzunisha zaidi ni kwamba siku chache kabla ya hapo, mteja mwingine alikuwa ameazimwa gari lilo hilo. Kikanyagio kilimkwama pia, akafaulu kusimama na kuuondoa mkeka uliokinasa. Aliporudisha gari alimweleza mfanyakazi wa mapokezi yaliyomfika. Onyo lilitolewa, lakini halikumfikia dereva aliyefuata.

Jinsi mkeka unavyokwamisha gari

Mkeka mzito wa mpira usiofungwa husogea mbele kidogo kidogo kila dereva anapoingia na kutoka. Hali huwa mbaya zaidi mkeka mpya unapotandikwa juu ya ule wa awali, kwa kuwa hakuna kishikizo kinachoweza kuushika ule wa juu. Dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho, tuseme anapolipita lori, ncha ya kikanyagio huweza kunasa kwenye ukingo wa mkeka. Anapoinua mguu, kikanyagio hubaki chini.

Wengi hushangaa ni kwa nini breki hazitoshi kuliokoa gari wakati huo. Katika magari mengi ya petroli, breki husaidiwa na nguvu ya mvuto wa hewa inayotoka kwenye injini. Injini inapopata mafuta kwa wingi, mvuto huo hupungua. Dereva akikanyaga breki na kuachilia mara kadhaa, humaliza akiba iliyosalia, na kikanyagio cha breki huwa kigumu kama jiwe.

Wito uliotangulia maafa

Kasoro hiyo haikuwa siri kabla ya ajali ya Santee. Septemba 2007, baada ya Idara ya Usalama wa Barabara Kuu ya Marekani, NHTSA, kuchunguza malalamishi ya madereva, Toyota ilitoa wito wa kurejeshwa kwa mikeka ya mpira takriban 55,000 iliyouzwa kwa magari ya Camry na Lexus ES 350. Wito huo ulihusu mikeka pekee. Umbo la kikanyagio na la sakafu ya gari halikuguswa.

Uamuzi huo ulikuja kuishtaki kampuni yenyewe. Mapema mwaka wa 2010 Bunge la Marekani lilipata waraka wa ndani wa Toyota, ulioandikwa Julai 2009, uliohesabu wito huo mdogo kama ushindi ulioiokolea kampuni zaidi ya dola milioni 100. Mwezi mmoja baada ya waraka huo kuandikwa, familia ya Santee iliangamia.

Mwishoni mwa Septemba 2009 Toyota iliwataka wenye magari takriban milioni 3.8 kuondoa mara moja mkeka wa upande wa dereva. Januari 2010 magari mengine milioni 1.1 yaliongezwa. Mwezi uo huo kampuni iliita magari milioni 2.3 kwa sababu tofauti: kikanyagio chenyewe kilikuwa kikichelewa kurudi juu kutokana na uchakavu wa sehemu zake. Marekebisho ya wito wa mikeka yalikuwa kukata au kubadilisha kikanyagio, kutoa mikeka mipya na, kwa baadhi ya aina, kuweka programu inayopunguza nguvu za injini dereva anapokanyaga breki na mafuta kwa pamoja.

Februari 24, 2010, rais wa kampuni, Akio Toyoda, aliomba radhi mbele ya kamati ya Bunge. Machi 2014 Toyota ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 na kukiri kwamba iliwapotosha wateja kuhusu mikeka na vikanyagio hivyo.

Sheria inasemaje?

Nchini Marekani wito wa kurejesha magari una misingi yake katika sheria ya usalama wa magari ya mwaka wa 1966. Sheria hiyo haihusu gari pekee, bali pia vifaa vyake: magurudumu, viti vya watoto, jeki, na hata vikorombwezo vinavyouzwa kando. Mtengenezaji anapogundua kasoro inayohatarisha maisha, ni sharti aiarifu NHTSA, awaandikie wenye magari barua, na arekebishe bila malipo.

Sheria iliimarishwa mwaka wa 2000 baada ya magurudumu milioni 6.5 ya Firestone kuitwa yarudishwe mwezi Agosti mwaka huo. Mengi yalikuwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, na vifo 271 vilihusishwa nayo nchini humo. Ilidhihirika kwamba Ford ilikuwa imeanza kuwabadilishia magurudumu wateja wa Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba tangu 1999, huku madereva wa Marekani wakiwa hawana habari. Tangu wakati huo kampuni hulazimika kuiarifu serikali ya Marekani kila zinapowaita wateja wa nchi nyingine kwa kasoro inayofanana.

Wenye magari huitikiaje?

Barua kufika si hoja, hoja ni kusomwa na kutekelezwa. Ripoti ya wakaguzi wa serikali ya Marekani ya mwaka wa 2011 ilionyesha kwamba kati ya 2000 na 2008, wastani wa takriban asilimia 65 tu ya magari yaliyoitwa ndiyo yaliyorekebishwa. Mengine yaliendelea kutembea na kasoro zake.

Sababu ni nyingi. Wapo wanaoidhania barua hiyo kuwa tangazo la biashara, wakaitupa bila kuifungua. Wapo wanaoshuku kwamba karakana inatafuta kisingizio cha kuwatoza kwa kazi nyingine. Wengine husema gari limewatumikia miaka mitano bila tatizo, kwa hivyo wito hauwahusu. Tena ubovu ukiwa katika kifaa kidogo kama mkeka, mwenye gari huona aibu kupoteza nusu siku kwa jambo analoliona dogo.

Upande wa pili wako wanaotaharuki. Habari za Toyota zilipoenea mwaka wa 2010, malalamishi yaliyofikishwa kwa NHTSA yaliongezeka ghafla, na wengi waliamini kwamba mitambo ya kielektroniki ya magari ilikuwa na wazimu. Serikali iliwaomba wahandisi wa NASA kuchunguza. Ripoti iliyotolewa Februari 2011 haikupata kasoro ya kielektroniki inayoweza kusababisha gari kuongeza kasi kupita kiasi. Sababu zilizothibitishwa zilikuwa mkeka na kikanyagio kinachogoma, na katika visa vingi ilionekana dereva alikanyaga mafuta akidhani ni breki.

Baadhi ya serikali zimeamua kutomwachia mwenye gari hiari. Marekani, tangu Juni 2016, kampuni zenye zaidi ya magari 35 ya kukodisha haziruhusiwi kulikodisha gari lililoitwa kabla halijarekebishwa. Ujerumani, gari linaweza kuzuiwa kutumika barabarani mwenyewe akipuuza wito mzito. Nayo Japani ilianza Mei 2018 kuyanyima cheti cha ukaguzi baadhi ya magari ambayo mifuko yake ya hewa, iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, ilikuwa haijabadilishwa.

Hali ilivyo Kenya

Camry na Lexus zilizoitwa Marekani mwaka wa 2009 zilikuwa za usukani wa kushoto, na si magari yanayosajiliwa nchini Kenya kwa matumizi ya kawaida. Lakini tatizo la onyo kupotea njiani ni kubwa zaidi hapa kuliko kule.

Magari mengi yanayosajiliwa nchini kwa mara ya kwanza ni mitumba kutoka Japani, ambayo kanuni hairuhusu yawe na umri wa zaidi ya miaka minane. Gari linaposafirishwa nje, usajili wake Japani hufutwa. Hapo jina la mmiliki mpya halimo tena katika daftari ambalo mtengenezaji hutumia kutuma barua. Gari likipitia kwa wakala, yadi ya Mombasa, mnunuzi wa Nairobi na hatimaye mnunuzi wa pili wa Nakuru, hakuna hata mmoja wao anayejulikana na kiwanda. Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kupakiwa melini nao hauwezi kutabiri wito utakaotolewa miaka mitatu baadaye.

Kasoro ya mifuko ya hewa ya Takata inaonyesha uzito wa pengo hilo. Kemikali iliyomo huharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu, hali ambayo wakazi wa Pwani wanaijua vyema, na kifaa huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa abiria.

Vifaa vya ziada navyo vina njia zao. Mikeka ya kukatwa kwa kipimo cha macho, vifuniko vya usukani na viti huuzwa madukani na hata barabarani wakati wa msongamano. Havina nambari wala daftari la wanunuzi. Vikiwa na kasoro, hakuna wa kuwaita waliovinunua.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari anazohitaji ili kufaidika nazo, na ulinzi wa afya na usalama wake. Haki hiyo ina maana pale tu mnunuzi anapoitafuta habari yenyewe.

La kufanya

Hatua ya kwanza ni kuijua nambari ya chasisi, ambayo imeandikwa kwenye kitabu cha umiliki na kwenye kibati kilichomo katika gari. Magari yaliyotengenezewa soko la Japani hutumia nambari fupi, isiyolingana na ile ya tarakimu na herufi 17 ya Marekani na Ulaya. Kwa sababu hiyo, kuichunguza katika tovuti ya Marekani hakutaleta jibu. Tovuti za Kijapani za watengenezaji ndizo zenye orodha hiyo, na wauzaji rasmi wa aina hiyo ya gari nchini wanaweza kuulizwa pia.

Hatua ya pili haihitaji fundi. Mkeka wa dereva uwe wa aina ya gari lenyewe, ufungwe kwa vishikizo vyake, na usitandikwe juu ya mwingine. Kila baada ya gari kuoshwa, dereva akanyage mafuta hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, aone kama kikanyagio kinarudi bila kugusa kitu. Mwosha magari hurudisha mkeka alivyouona, si alivyoagiza mtengenezaji.

Kikanyagio kikikwama gari likienda, dereva akanyage breki kwa nguvu mara moja bila kuachilia, aweke gia kwenye herufi N, kisha aegeshe kando na kuzima injini. Injini itanguruma kwa sauti ya kutisha, lakini magurudumu hayatasukumwa tena. Ufunguo usichomolewe gari likiwa mwendoni kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Katika magari ya kitufe, baadhi huhitaji kitufe kibonyezwe kwa muda wa sekunde tatu ndipo injini izime. Ni vyema kila dereva asome kitabu cha gari lake mapema.

Hatua ya tatu ni ya anayeuza au kuazima gari. Barua ya wito, risiti ya marekebisho na kasoro yoyote anayoijua vikabidhiwe pamoja na ufunguo. Kwa mnunuzi wa pili au wa tatu, huenda hakuna mwingine atakayemwambia.