Kumbukumbu Imejaa: Seva za Java za Rekodi za Wagonjwa kutoka Eldoret hadi Nyakiriba, na Lugha ya Kuzitengeneza

Ikisiri

Historia ya teknolojia ya habari katika Afrika Mashariki imezoea kuandikwa kama historia ya uzinduzi: mwaka fulani, mfumo fulani ulisimikwa mahali fulani. Makala hii inafuata njia nyingine. Inazitazama seva za Java zilizobeba rekodi za wagonjwa, hususani mfumo wa OpenMRS, tangu Eldoret mwaka 2006 hadi enzi ya vituo vya afya vya vijijini nchini Rwanda, kwa kuuliza ni nani aliyetarajiwa kuzitengeneza zilipokwama, na alikuwa akisoma lugha gani. Hoja yake ni kwamba ujanibishaji wa programu umeishia kwenye skrini ya muuguzi na kuiacha lugha ya hitilafu kama ilivyo, na kwamba Kiswahili kina kazi hapo, ingawa si ile kinayodaiwa kuwa nayo kwa kawaida.

1.0 Utangulizi

Nyakiriba ni moja kati ya tarafa 12 za Wilaya ya Rubavu, katika Jimbo la Magharibi la Rwanda. Anayetaka kuuelewa uzito wa lugha katika kazi ya ufundi hawezi kupata mahali pazuri zaidi. Wakazi husema Kinyarwanda. Kiswahili huwafikia kwa njia ya biashara, kupitia mji wa Gisenyi na jirani yake Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Fundi aliyesoma kabla ya mwaka 2008 mara nyingi alifundishwa kwa Kifaransa. Aliyesoma baada ya uamuzi wa serikali wa mwaka huo wa kubadili lugha ya kufundishia, alifundishwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2017 Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya nchi, ya nne. Lugha nne rasmi, lakini seva ya Java ikigoma husema moja tu.

2.0 Kutoka Mosoriot hadi Rwinkwavu

Mzizi wa habari hii uko Kenya. Mwaka 2001, katika Kituo cha Afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, waliweka mfumo mdogo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya Microsoft Access. Ulitosha kwa kituo kimoja. Haukutosha pale matibabu ya Virusi vya Ukimwi yalipopanuka na wagonjwa wakawa maelfu, kila mmoja akihitaji kufuatiliwa kwa miaka mingi.

Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Regenstrief walifika Eldoret na kuanza kubuni upya kiini cha mfumo. Waliungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health na Chris Seebregts wa Afrika Kusini, na kutokana na ushirikiano huo ikazaliwa OpenMRS, programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Ilianza kutumika Eldoret Februari 2006. Agosti mwaka huohuo ilianza kazi Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imefika KwaZulu-Natal.

Uamuzi wa kuchagua Java ulikuwa na matokeo ambayo wapangaji wachache waliyatazama kwa makini wakati huo. Mfumo wa Access ni faili: mwenye kuona faili anaweza kulinakili na kulihamisha. Mfumo wa Java unaotumia kivinjari huhitaji tabaka kadhaa zinazosimama moja juu ya nyingine. Chini kabisa kuna mfumo endeshi wa kompyuta. Juu yake mashine pepe ya Java. Pembeni yake hifadhidata ya MySQL. Na juu ya yote Tomcat, seva ambayo Sun Microsystems iliikabidhi kwa Apache Software Foundation mwaka 1999. Programu yenyewe huja ikiwa imefungwa katika faili moja, openmrs.war. Faili hilo likiwekwa katika kabrasha la webapps, Tomcat hulifungua na kuanza kulihudumia, kwa kawaida kupitia mlango namba 8080. Jina la hifadhidata na nenosiri lake hukaa katika faili jingine dogo la maandishi, openmrs-runtime.properties. Kila tabaka lina mipangilio yake, na kila tabaka lina namna yake ya kulalamika.

Katika vituo vya vijijini vya Rwanda jambo hili lilikuwa zito zaidi. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM zilifika Mombasa na Dar es Salaam mwezi Julai 2009; kabla ya hapo, na kwa muda baada yake, intaneti ya vijijini haikuweza kutegemewa kwa kazi ya kila siku. Kwa hiyo seva ziliwekwa ndani ya vituo vyenyewe, na moduli maalumu ya ulandanishi, iliyokuzwa kutokana na kazi ya Rwanda, ikazifanya zibadilishane rekodi na seva kuu kila mawasiliano yaliporuhusu. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini maana yake ni kwamba mahali palipokuwa na daftari la karatasi sasa palikuwa na mashine inayohitaji fundi, na fundi hakuongezeka kwa kasi ya mashine. Partners In Health ilifanya kazi katika wilaya za Kayonza, Kirehe na Burera, na iliendesha mafunzo ya waandishi wa programu wa Kinyarwanda. Rubavu haikuwa miongoni mwa wilaya hizo. Kwa wilaya kama Rubavu, OpenMRS ilikuwa jambo la Wizara ya Afya iliyouchukua mfumo huo kwa ajili ya nchi nzima, na fundi wa tarafa kama Nyakiriba angeupokea mbali na watu walioujenga.

3.0 Hitilafu na maneno yake

Hitilafu iliyosumbua zaidi katika miaka ya mwanzo ilijulikana kwa mstari mmoja wa Kiingereza: java.lang.OutOfMemoryError: PermGen space. Tafsiri ya harakaharaka ni kwamba kumbukumbu ya kompyuta imejaa. Fundi mwenye bidii husoma hivyo, huomba kadi ya kumbukumbu, huiweka, huiwasha mashine, na hitilafu hurudi baada ya siku chache. Hakukosea kusoma, alikosa kujua kwamba mashine pepe ya Java, hadi toleo la 7, ilitenga chumba cha pekee cha kuhifadhi maelezo ya msimbo wenyewe, na kwamba ukubwa wa chumba hicho ulipangwa kwa mkono. Kipimo cha awali kilikuwa kidogo, chini ya megabaiti 100. OpenMRS hujengwa kwa moduli: kila moduli mpya ikiongezwa mfumo hujiwasha upya kwa ndani, na mabaki ya msimbo wa zamani huweza kubaki chumbani. Kadi mpya haikigusi chumba hicho. Tiba yake ni maneno machache katika mipangilio ya Tomcat, -XX:MaxPermSize=256m, kisha kuiwasha seva upya. Java 8, iliyotoka mwaka 2014, ilikiondoa chumba hicho kabisa na kuweka utaratibu mwingine. Seva nyingi za vituo, hata hivyo, hubaki na toleo la zamani kwa miaka baada ya toleo jipya kutoka.

Hapa mtafiti wa lugha ana la kusema. Kiswahili kina neno moja, kumbukumbu, linalobeba maana tatu zinazokutana ndani ya chumba kimoja cha kituo cha afya. Ni kumbukumbu ya mashine. Ni kumbukumbu za wagonjwa, yaani mafaili yao. Tena ni kumbukumbu za matukio, yale maandishi ambayo Tomcat huyaandika mfululizo katika faili la catalina.out na ambayo ndiyo ushahidi wa kwanza wa kila uchunguzi. Ujumbe usemao “kumbukumbu imejaa” unaweza kueleweka na karani kuwa kituo kimefikia kikomo cha wagonjwa kinaoweza kuwaandikisha. Hilo ni kosa la istilahi, wala si la karani. Kwa maana ya tatu Kiswahili kinalo neno lililokaa tayari: batli, daftari ambamo nahodha huandika safari ya chombo chake siku kwa siku. Mabaharia wa pwani walikuwa na jina la kitu hiki kabla ya kompyuta, na ni ajabu kwamba maandishi mengi ya tehama bado hulikwepa.

Hitilafu ya pili ni ya asubuhi. Hifadhidata ya MySQL, isipoambiwa vinginevyo, huufunga muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani saa nane. Kituo kikifunga kazi jioni na kufungua alfajiri, saa hizo zimepita. Seva bado inadhani ina mlango wazi. Mtumiaji wa kwanza anabisha, hajibiwi. Wa pili anapita. Anayefika saa nne kuchunguza hukuta kila kitu kizima. Maneno autoReconnect=true, yanayoonekana katika mipangilio ya kawaida ya OpenMRS, ni dawa ya tatizo hilo, lakini anayeyanakili bila maelezo hajui yanaponya nini, na akiyafuta kwa bahati mbaya hatajua amefuta nini.

Kunakili bila maelezo kuna gharama nyingine. Mipangilio ya zamani iliiambia MySQL ni injini ipi itumie kwa neno storage_engine. MySQL 5.7, iliyokamilishwa mwaka 2015, ililiondoa neno hilo na kubakiza default_storage_engine. Fundi aliyesasisha hifadhidata na kurudisha faili lake la zamani, kama alivyofundishwa kufanya, alikuta mfumo haufunguki kabisa. Alikuwa ametii maagizo.

Ya nne inahusu majina. Tomcat hadi toleo la 7 ilichukulia kwamba maandishi yanayokuja katika anwani ya ukurasa yamefuata usimbaji wa ISO-8859-1. Toleo la 8 ndilo lililohamia UTF-8. Katika nchi ambayo majina ya ubatizo mara nyingi ni ya Kifaransa, Béatrice aliyetafutwa kwa jina lake angeweza kufika kwenye hifadhidata kama BÃ©atrice, na asionekane. Mgonjwa asiyeonekana huandikishwa upya. Mwanamke mmoja sasa ana mafaili mawili, moja lina dawa zake na jingine halina. Tiba ni sifa moja, URIEncoding="UTF-8", katika faili la server.xml.

Kuhusu ulandanishi inatosha kusema kwamba rekodi hupita kwa foleni, na rekodi moja ikikataliwa, zilizo nyuma yake husubiri. Kituo huendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna lililotokea, huku seva kuu ikiwa haijui habari zake.

4.0 Nani asome nini

Java ina utaratibu mzuri wa kutafsiri programu. Maneno ya skrini huwekwa katika mafaili ya pekee, moja kwa kila lugha, na msimbo wa lugha, sw kwa Kiswahili au rw kwa Kinyarwanda, humwonyesha mtumiaji faili lake. Miradi ya ujanibishaji ya Afrika Mashariki, tangu Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, imefanya kazi katika ngazi hiyo: vitufe, menyu, vichwa vya madirisha. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini ujumbe wa PermGen haumo katika mafaili hayo. Hutoka tabaka la chini na kuandikwa katika batli kwa Kiingereza, hata kama skrini nzima iko kwa Kiswahili. Isitoshe, haifai kuutafsiri hapo ulipo, kwa sababu fundi anauhitaji mstari wenyewe, herufi kwa herufi, ili autafute na kuulinganisha na wa wenzake. Kinachohitaji kuandikwa kwa lugha yake ni maelezo yanayouzunguka mstari huo.

Je, kwa Nyakiriba lugha hiyo ni Kiswahili? Watetezi wa Kiswahili hawana budi kukiri kwamba ndani ya kituo cha afya cha Rwanda Kinyarwanda kinatosha, na hati ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani kwa sababu tu sheria ya 2017 inairuhusu ingekuwa pambo. Hoja yenye nguvu iko kwingine. Mifumo hii ni ya kanda. Kenya ilijenga KenyaEMR juu ya OpenMRS, na Uganda ikajenga UgandaEMR. Mfumo wa takwimu wa DHIS2 wa Chuo Kikuu cha Oslo, nao wa Java na nao ukiendeshwa kwa Tomcat, ulienea Kenya mwaka 2011, ukaingia Rwanda na Uganda mwaka 2012, na Tanzania Bara ukafuata. Hitilafu iliyokwisha kutatuliwa Eldoret ndiyo itakayotokea Rubavu, na fundi wa Goma, aliyesoma kwa Kifaransa, atakutana nayo kesho yake. Lugha ambayo fundi wa Eldoret, wa Dodoma, wa Gisenyi na wa Goma wanaweza kusimuliana kilichotokea bila mmoja kujiona mgeni ni Kiswahili. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ingefanya jambo la maana kuliko orodha nyingine ya istilahi kama ingesimamia daftari la pamoja la hitilafu.

Msamiati wa daftari hilo haupaswi kutafutwa mbali. Vituo vya afya tayari vina maneno dalili, chanzo, tiba na kinga, na kila mfanyakazi anayajua. Ingizo lake la kwanza lingeweza kuandikwa hivi:

Ujumbe katika batli: java.lang.OutOfMemoryError: PermGen space. Dalili: seva hupunguza kasi, kisha hukataa kila mtumiaji, huanza mara nyingi baada ya kuongeza moduli. Chanzo: chumba cha msimbo cha Java, toleo la 7 au chini yake, kimejaa, rekodi za wagonjwa hazijapotea wala hazijajaa. Tiba: ongeza MaxPermSize katika mipangilio ya Tomcat, izime seva, iwashe tena. Usinunue kadi. Kinga: ongeza moduli mwisho wa siku ya kazi, uiwashe seva upya kabla ya kuondoka, na uandike tarehe na jina lako hapa chini.