Mlo Uliosahauliwa: Mafuta Dhidi ya Degedege

Mdogo wangu alipokuwa na miaka miwili, hapa kwetu Uganda, alishikwa na degedege lililokataa kukoma. Dawa ya kwanza ilishindwa, ya pili ikashindwa, ya tatu ndiyo ikamtuliza. Je, nayo ingeshindwa? Katika kusoma historia ya tiba nimekutana na jibu moja nisilolitarajia: mafuta.

Tangu kale watu waliona kwamba kufunga hupunguza kifafa. Mwaka 1911, mjini Paris, madaktari Guelpa na Marie waliandika kuhusu wagonjwa wao waliofungishwa. Lakini mtoto hawezi kufunga maisha yake yote. Mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza kuuhadaa mwili: mgonjwa ale mafuta mengi, wanga kidogo mno. Ini hugeuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo huzitumia badala ya sukari, kana kwamba mtu amefunga. Mara nyingi gramu 4 za mafuta huenda na gramu 1 tu ya protini na wanga kwa pamoja. Kwa sisi wala matoke, hiyo si adhabu ndogo.

Mwaka 1938 ikaja fenitoini, na mlo ukaanza kusahauliwa. Hapa sikubaliani na wanaodhani kwamba tiba mpya huiondoa ya zamani kwa ubora tu. Mlo haukushindwa; ulichosha. Kidonge humezwa, ilhali chakula hiki hupimwa kwa mizani kila siku. Katika miaka ya 1990 Jim Abrahams, mwongozaji filamu wa Hollywood, ambaye mwanawe Charlie hakusaidiwa na dawa wala upasuaji, aliugundua kwa kujisomea maktabani. Huko Johns Hopkins, Dkt. John Freeman na mtaalamu wa lishe Millicent Kelly walikuwa bado wakiutumia. Degedege la Charlie likakoma.

Mwaka 2010, Rima Nabbout wa Paris na wenzake waliandika kuhusu watoto 9 ambao kifafa kikali kiliwaanza ghafla baada ya homa, dawa zikagonga mwamba. Mlo uliwasaidia 7, tena ndani ya siku chache. Mtoto aliyepoteza fahamu hulishwa mafuta hayo kwa mpira, chini ya uangalizi wa daktari na vipimo vya mara kwa mara.

Nilipomweleza mama hesabu ya gramu, aliuliza jambo moja tu: wodini kwetu angepima nani, na kwa mizani ipi?