Lugha ya mwili ya paka

Lugha ya mwili ya paka ni jumla ya ishara ambazo paka wa kufugwa (Felis catus) hutoa kwa mkia, masikio, macho, masharubu, manyoya na mkao wa mwili ili kuwasiliana na paka wenzake, wanyama wengine na binadamu. Nyingi kati ya ishara hizo husema moja kati ya mambo mawili: "karibu" au "kaa mbali".

Asili

Paka wa kufugwa ametokana na paka-mwitu wa Afrika (Felis lybica), ambaye bado anapatikana Tanzania, Kenya na nchi jirani. Mnyama huyo huwinda peke yake. Akijeruhiwa katika ugomvi hana kundi la kumlisha, hivyo ni afadhali amwonye mpinzani kuliko kupigana naye.

Paka walianza kuishi karibu na binadamu miaka 10,000 hivi iliyopita huko Mashariki ya Kati, wakifuata panya kwenye ghala za nafaka. Kazi hiyo inaendelea hadi leo. Katika kata ya Kitandililo, Mji wa Makambako, mkoani Njombe, kama kwingineko katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mahindi ni chakula kikuu na paka hufugwa hasa ili kuyalinda dhidi ya panya. Penye chakula paka kadhaa hukutana, na hapo ishara za kuelewana huhitajika zaidi.

Mkia

Mkia uliosimama wima ni salamu ya kirafiki. Watoto wa paka humsalimu mama yao hivyo; paka-mwitu mzima hufanya hivyo mara chache, lakini paka wa kufugwa huendelea na salamu hiyo maisha yake yote. Watafiti wa Uingereza, akiwemo John Bradshaw, waliwaonyesha paka maumbo meusi ya paka yaliyokatwa kwa karatasi. Umbo lenye mkia uliosimama lilifuatwa haraka kuliko lenye mkia ulioshuka, na mara nyingi paka aliyelitazama aliinua mkia wake pia. Hiyo yaonyesha kwamba paka huielewa ishara hiyo anapoiona kwa mwenzake.

Mkia unaopigwapigwa huku na huku huonyesha hasira au usumbufu, tofauti na mbwa anayetikisa mkia kwa furaha. Mkia uliofichwa kati ya miguu ni dalili ya hofu.

Masikio na macho

Masikio yanayoelekea mbele huonyesha utulivu au udadisi. Yakigeuzwa upande, paka ana wasiwasi. Yakilazwa kabisa kichwani, anajihami na anayakinga yasiraruliwe.

Mboni hupanuka kwa hofu au msisimko, ingawa hupanuka pia gizani. Kukodolea macho ni kitisho kati ya paka. Kinyume chake, kufumba na kufumbua macho polepole ni ishara ya amani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba paka humkaribia zaidi mgeni anayewafumbia macho polepole.

Mwili na manyoya

Paka aliyeogopa hukunja mgongo kama upinde, husimama kiubavu na manyoya yake husimama ili aonekane mkubwa. Kusimama kwa manyoya hutokea bila hiari, kwa kazi ya misuli midogo iliyo kwenye mizizi yake. Paka anayeshambulia kwa kujiamini hunyoosha miguu na kumkabili mpinzani uso kwa uso.

Kulala chali huwa na maana mbili. Paka aliyetulia huonyesha kwamba anamwamini aliye karibu, lakini paka anayejihami hulala hivyo ili makucha ya miguu yote minne yawe tayari. Kwa hiyo ishara moja haitoshi. Mkia, masikio na macho husomwa pamoja.

Kujisugua miguuni pa mtu huacha harufu kutoka tezi za mashavuni na mwilini, na pia ni salamu.

Kujifunza

Sehemu ya lugha hii ni ya kuzaliwa nayo, lakini matumizi yake hukomaa kwa mchezo kati ya ndugu wa uzao mmoja. Mtoto wa paka aliyezoea kushikwa na watu kati ya wiki ya 2 na ya 7 huwaogopa kidogo anapokuwa mkubwa. Aliyetenganishwa mapema na mama huweza kuuma kwa nguvu mno hata anapocheza.

Umuhimu kwa binadamu

Watu wengi huumwa au kuparuliwa kwa sababu hawakutambua onyo. Mtoto anayempapasa paka afundishwe kuacha mara mkia unapoanza kupigwapigwa au masikio yanapogeuka.

Paka mgonjwa huficha maumivu. Huinamisha kichwa, hufumba macho nusu, masikio yake huachana na midomo hukaza. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha kipimo cha maumivu kinachotumia dalili za uso za namna hiyo.

Paka mpole anayebadilika ghafla na kushambulia bila kuchokozwa anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka huambukizwa hasa kwa kuumwa na mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa apate chanjo. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kwa kifo.