Volvo Iliyofufuliwa Gerejini

Pasaka ya mwaka 1965, gari lililotangulia kuondoka Nairobi katika mashindano ya East African Safari ndilo lililotangulia kurudi. Lilikuwa Volvo PV544 yenye mgongo wa mviringo, na ndani yake walikuwa ndugu wawili wa hapa hapa mjini: Joginder Singh kwenye usukani, Jaswant Singh akimwongoza njia. Aliyeshika nafasi ya pili, Ian Jaffray katika Peugeot 404, aliachwa kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Mwaka 2025 ushindi huo ulitimiza miaka 60. Kila unapokumbukwa, anayesifiwa ni dereva, naye anastahili. Joginder, mzaliwa wa Kericho, alishinda tena mwaka 1974 na 1976, akapewa jina la Simba wa Kenya, na akaenda nalo hadi alipofariki London Oktoba 2013. Lakini habari hii ina nusu ya pili, ya spana na grisi, na hiyo haisimuliwi. Volvo ile ilikuwa ya mkono wa pili. Ilikuwa imeshindwa mwaka uliotangulia ikiwa mali ya kiwanda, ikafufuliwa na watu walioinunua.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, fundi mstaafu, aliyeanza kazi akiwa kijana wa kushika spana kwenye Barabara ya Grogan, ambayo leo inaitwa Kirinyaga. Hataki jina lake liingie gazetini. Kwa mzee huyu, Safari haikuwa mashindano ya madereva hata kidogo. Ulikuwa mtihani wa gereji, na majibu yake yalitoka wakati wa Pasaka. Baada ya kumsikiliza, nimeegemea upande wake, na sioni sababu ya kuficha.

Mwanzo wa Safari unajulikana. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, wapenzi wa magari wa Nairobi wakiongozwa na Eric Cecil waliandaa safari ndefu kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, baada ya Neil Vincent, binamu yake Cecil, kukataa katakata kuzungukazunguka kwenye uwanja wa mbio. Alan Dix akafanya vizuri kuliko wote na Volkswagen yake ya kobe. Magari yalipangwa katika makundi kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini, na yalitakiwa yawe kama yalivyouzwa. Nia ilikuwa kumwonyesha mnunuzi wa kawaida ni gari gani litakalomfikisha nyumbani.

Kilichofuata ni kwamba magari ya dukani hayakufika. Mwaka 1963 yaliondoka 84, yakamaliza saba tu. Ulaya walisoma idadi hiyo wakaona hatari, nao mafundi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wakaona kazi.

Hapo ndipo mzee alipokaa sawa kwenye kiti. Shida ya kwanza, alinieleza, haikuwa mashimo, bali hewa. Gari lililopangwa injini yake Göteborg, mji wa bandari wa Uswidi ilikotoka Volvo, likiletwa Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hukuta hewa nyepesi. Petroli inayoingia ni ile ile lakini hewa imepungua, kwa hiyo plagi hupata masizi, nguvu hushuka na tangi huisha kabla ya kituo. PV544 ilikuwa na kabureta mbili za SU. Fundi aliyezijua alibadilisha sindano zake, akazisawazisha kwa kusikiliza mvumo wa hewa kwa bomba la mpira lililowekwa sikioni. Ugumu ni kwamba njia ya Safari ilishuka hadi pwani na kupanda tena nyanda za juu ndani ya siku chache, kwa hiyo mpangilio wowote ulikuwa suluhu ya nusu kwa nusu. Kuchagua suluhu hiyo kulihitaji mtu aliyewahi kuziendesha barabara zenyewe, aliyejua saa nyingi zaidi zitapotea wapi.

Shida ya pili ilikuwa mawe. Mabomba ya breki na petroli yaliyopita chini ya sakafu yalihamishiwa ndani ya gari. Chini ya injini lilifungwa bamba nene la chuma la kulinda sampu, maana jiwe moja likitoboa sampu oili yote inamwagika na injini inakamata. Mahali shokamzoba inaposhikiliwa kwenye bodi paliongezwa chuma, pakachomelewa upya. Nyuma palifungwa vishikio na mahali pa kukanyaga, ili gari likizama kwenye udongo mweusi mwenzake dereva arukie huko nje, aning'inie, uzito wake uyasaidie magurudumu ya nyuma kung'ata. Hakuna hata moja kati ya hayo lililonunuliwa dukani. Kila moja lilikatwa, likapindwa na kuchomelewa na fundi aliyelipima kwa macho.

Na palipokosekana kipuri, palikuwa na ubunifu ambao mzee aliutaja kwa fahari kabisa. Tangi lililovuja liliweza kuzibwa kwa kipande cha sabuni kilichokandwa na kusuguliwa kwenye ufa, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Gasketi ilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu, ikapakwa grisi. Valvu zilisagwa kwa mkono, kijiti kikizungushwa baina ya viganja hadi mduara wa kijivu uonekane sawasawa pande zote. Nilimwomba anionyeshe, akazungusha kalamu yangu hivyo hivyo.

Mwaka 1964 Volvo ilileta magari ya kiwanda kushiriki Safari. Yalikuja na bajeti na sifa, kwani PV544 ilikwisha kushinda mashindano mengi ya Ulaya kwenye theluji na misitu. Hapa yalishindwa. Aliyetwaa taji mwaka huo alikuwa Peter Hughes na Ford Cortina GT. Kuyarudisha Uswidi magari yaliyochakaa ni gharama, kwa hiyo yakauzwa huku huku, na moja likaangukia mikononi mwa ndugu wa Singh.

Hawakuwa wateja wa kawaida. Baba yao, Sardar Battan Singh, alikuwa na gereji Nairobi, na Joginder alikulia humo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliajiriwa na Royal East African Automobile Association miongoni mwa mafundi wake wa kwanza wa doria, wale waliopita barabarani kuwakwamua wanachama ambao magari yao yamezimika. Fikiria kazi hiyo ilimfundisha nini. Dereva wa kiwanda hujua gari likiwa zima. Fundi wa doria alilijua likiwa limekufa kando ya barabara, mbali na duka lolote la vipuri, mwenye gari akiwa amesimama pembeni na familia yake juani. Aliona kila kinachokatika, na mahali kinapokatikia.

Mtu wa namna hiyo akinunua gari lililoshindwa Safari, ananunua pia orodha ya makosa. Gari zima halikuambii litavunjikia wapi, lakini lililorudi limejeruhiwa linakuambia lenyewe: huu hapa ufa, hii hapa bushi iliyolika upande mmoja. Mzee alisisitiza jambo hili kuliko yote, nami nakubaliana naye kwamba ndiyo siri ya 1965. Kiwanda kiliuza kile kilichokiona kama chakavu, na ndugu wale wakanunua somo ambalo kiwanda hakikukaa kulisoma.

Gari lenyewe lilifaa kufumuliwa. Umbo lake lilitokana na PV444 iliyoingia sokoni mwaka 1947, na kufikia 1965 lilionekana la kizamani hata Uswidi. Uzalishaji wake ulikoma Oktoba mwaka huo huo. Lakini injini ya B18, lita 1.8, ilikuwa na beringi kuu tano za kushikilia krenkishafti, zaidi ya zile tatu za injini iliyoitangulia, kwa hiyo ilivumilia kukimbizwa. Magurudumu yote manne yalikalia springi za mviringo. Ukifungua boneti, mkono unafika kila mahali.

Wapo wanaodai hadi leo kwamba ndugu hao walibebwa na bahati, kwa sababu gari la kwanza kuondoka halili vumbi la mtu. Ni kweli kwamba vumbi la Safari lilikuwa ukuta, na waliokuwa nyuma walilazimika kupunguza mwendo au kuendesha bila kuona. Mzee wangu hataki kabisa kusikia hoja hiyo. Anayetangulia, anasema, ndiye anayepima kina cha mto kwa gari lake mwenyewe. Ndiye anayekutana na ng'ombe ambao bado hawajashtuliwa. Kwenye matope hana alama ya tairi ya kufuata. Na vumbi linaweza kukupa dakika kadhaa, lakini pengo la zaidi ya saa moja na nusu katika kilomita takriban 5,000 linatokana na gari lisilosimama kutengenezwa. Nadhani mzee ameshinda ubishi huo.

Ushindi wenyewe ulikuwa na uzito zaidi ya kikombe. Ilikuwa mara ya kwanza mtu asiye Mzungu kushinda Safari, miezi michache tu baada ya Kenya kuwa jamhuri. Kalasinga wa gereji, kizazi cha watu waliokuja kujenga reli na kubaki kutengeneza kila kilichokuwa na magurudumu, alikuwa amezishinda timu za viwanda kwa gari lililotupwa na kiwanda.

Baada ya hapo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, na Peugeot 404. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na Datsun 240Z. Lakini mwaka mmoja kabla yake Hannu Mikkola wa Ufini alikuwa ameshakuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, na timu za viwanda zikaanza kuja na ndege, redio na mafundi wao. Joginder alianza Safari 22 na kumaliza 19. Sijui hesabu nyingine inayoeleza vizuri zaidi maana ya gari lililotengenezwa sawasawa.

Leo mjadala wa magari ya kale umegeuka. Kwenye maonyesho ya magari pale uwanja wa farasi wa Ngong, waamuzi hukagua usafi na uhalisi hadi chini ya gari, na mwenye gari hujivunia kwamba halijabadilishwa kitu. Sipingi. Ila kwa kipimo hicho, Volvo ya 1965 ingepoteza alama kwa kila bamba lililochomelewa, ilhali mabamba hayo ndiyo historia yenyewe. Peugeot 404 iliendelea kuunganishwa Kenya hadi 1991, miaka mingi baada ya Ufaransa kuiacha, na zile chache zinazotembea bado zimejaa viraka vya mafundi wetu. Mnunuzi anayezing'oa viraka hivyo ili gari lifanane na picha ya katalogi anafuta kazi ya watu.

Magari yanayoingia sasa, ambayo nchini Kenya hayaruhusiwi kuzidi umri wa miaka minane, husomwa hitilafu kwa kompyuta. Kijana wa gereji huchomeka waya, akasoma namba, akaagiza kifaa. Ni kazi halali na ina ujuzi wake. Safari nayo ilirudi kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, na tangu 2003 yapo mashindano ya Safari ya magari ya kale.

Kinachokosekana ni kumbukumbu ya mafundi wenyewe. Nairobi ina Makumbusho ya Reli. Gereji nazo zinastahili ya kwake, na kabla ya jengo zinastahili daftari. Majina ya madereva wa Safari na wenzao wa kusoma njia yamehifadhiwa mwaka kwa mwaka tangu 1953. Majina ya waliosaga valvu na kuchomelea mabamba hayamo. Waliokuwa vijana wa spana mwaka 1965 sasa wana miaka karibu 80 au zaidi. Vyama vya magari na vyuo vya ufundi vitume vijana wenye vinasa sauti Kirinyaga, na Gerezani ya Dar es Salaam, mwaka huu, waulize nani alifanya kazi gereji ipi, kwenye gari lipi, na waandike majibu yote pamoja na vipimo.